Mganga wa Kitui Asiyejulikana Kitui

Apitaye katika mitaa ya Mombasa, ikiwa ni Mwembe Tayari, Kongowea au pale Likoni watu wanapoingojea feri, hakosi kuziona karatasi zilizogandishwa juu ya nguzo za umeme. Mganga kutoka Kitui. Hurejesha mpenzi aliyekwenda zake, hufungua biashara iliyofungwa, humrudisha mwizi na mali mkononi, huondoa mikosi ya kazi. Chini yake pana nambari ya simu, na basi. Hakuna jina la kijiji wala la baba.

Siku hizi mganga huyo amehamia ndani ya simu zetu. Katika mtandao wa Facebook amepata uso: mzee mwenye mvi, kibuyu mkononi, shanga shingoni, nyuma yake kibanda cha nyasi. Na tabia yake imegeuka. Yule wa nguzoni alikungojea umwendee kwa miguu yako. Huyu wa simuni ndiye anayekuja kukubishia mlango. Unaamka asubuhi, unaifungua simu kabla hata ya kunywa chai, unalikuta ombi lake la urafiki lakungoja, na chini ya picha pameandikwa kwamba mna marafiki 9 mnaofahamiana nao.

Ndugu msomaji, leo nataka tuizungumze hiyo hodi, na hasa hao marafiki tisa.

Kwanza tumalizane na mganga. Katika desturi ya Wakamba, mundu mue, yaani mtu wa ramli na dawa, ni mtu anayejulikana ni mtoto wa nani, wa ukoo gani, na kazi yake aliirithi wapi. Majirani zake ndio mashahidi wake, akipatia na akikosa. Sisemi haya kumsifu mganga yeyote. Hukumu ya dini juu ya jambo hilo sote tuliopita chuoni tunaijua. Nasema ili ionekane kwamba huyu anayejiita wa Kitui katika simu ya mtu wa Mombasa hana hata kimoja katika hivyo. Mtu anaweza kuketi katika chumba cha kupanga popote duniani, akaichukua picha ya mzee fulani aliyepigwa na mtalii, akaandika chini yake jina la Kitui, na kazi ikaanza. Yule mzee wa kwenye picha hana habari kwamba anauza dawa za mapenzi. Naye pia kaibiwa, ila yeye kaibiwa uso.

Na kwa nini Kitui? Kwa sababu Kitui iko mbali na sisi. Mtu wa pwani akitaka uganga huambiwa aende bara, na wa bara akiutaka huambiwa ateremke pwani, au avuke mpaka aende Tanga na Sumbawanga. Kila mmoja humwona mwenye siri kuwa ni yule asiyekuwa jirani yake. Tapeli ameifahamu tabia hiyo ya bin-adamu kuliko wengi wetu, na ndiyo maana jina la mji wenye watu wachapa kazi, wakulima wa ndengu na wafuga nyuki, limegeuzwa kuwa chambo cha ndoana.

Njia ya misafara

Lau tungewauliza wazee wetu habari za Ukambani, wasingetutajia uganga peke yake. Wangetutajia biashara. Katika karne ya kumi na tisa Wakamba walikuwa wakishuka hadi Mombasa na pembe za ndovu, wakirejea kwao na nguo, ushanga na waya za shaba. Mmoja wa wakubwa wa misafara hiyo alikuwa Kivoi, mtu wa upande wa Kitui, na ndiye aliyempokea mmisionari Johann Ludwig Krapf mwaka 1849. Kutoka huko ndiko Krapf alikouona mlima Kenya na theluji yake, tarehe 3 Desemba mwaka huo. Kivoi mwenyewe aliuawa mwaka 1851 njiani kuelekea mto Tana, na Krapf alikuwa katika safari hiyo hiyo.

Katika dunia ile mgeni hakuingia mahali hivi hivi. Alikuwa na mwenyeji wake. Mwenyeji ndiye aliyemlaza, aliyemjulisha kwa wakubwa, na aliyeulizwa mgeni akikosa. Mahali pengine watu walichanjiana damu wakawa ndugu, ili kila mmoja awe na haki ya kumdai mwenziwe. Kumdhamini mtu usiyemjua kulikuwa ni kuweka shingo yako rehani. Wapwani waliofuata njia hizo wakaishi huko huko walipokelewa kwa mtindo huo, na hata leo mjini Kitui wako Waislamu ambao asili yao ni wafanyabiashara waliopanda kutoka pwani. Upande wa Makueni nao, reli ilipofika maili 250 kutoka Mombasa, kituo kilipewa jina la Sayyid Hamud bin Muhammad, Sultani wa Unguja, na mji wa Sultan Hamud unaitwa hivyo mpaka sasa. Hatukuwa wageni wa kila mmoja wetu.

Mwaka 2009 msafara wa namna nyingine ulipita. Nyaya mbili za intaneti, SEACOM na TEAMS, zilitoka chini ya bahari zikaingia nchini hapa hapa Mombasa, na kutoka hapa habari zikapanda bara. Miaka miwili kabla yake, Machi 2007, Safaricom walikuwa wameanzisha M-Pesa. Viwili hivyo vilipokutana, mtu wa Mwingi, wa Mutomo au wa Wote aliweza kusalimiana na mtu asiyemjua kabisa na kumtumia fedha, yote kwa kidole kimoja, naye amekaa chini ya mwembe wake. Neema hiyo ni kubwa, na mimi si katika wale wanaotaka simu zitupwe baharini. Lakini katika kuupisha msafara huu mpya tulimsahau mtu mmoja, naye ni yule mwenyeji.

Marafiki tisa

Hebu tuseme, kwa mfano tu, pako mwalimu wa kike katika shule moja karibu na Mutomo. Ana marafiki 400 katika Facebook: walimu wenziwe, wanafunzi aliowasomesha, kina mama wa chama chake cha kuweka akiba, binamu yake aliyeko Changamwe, na mwanawe anayefanya kazi Qatar. Siku moja anapata ombi la urafiki kutoka kwa kijana mwenye picha nzuri, amesimama kando ya barabara mpya ya lami ya Kibwezi kwenda Kitui, kofia ya uhandisi kichwani. Mwalimu hamjui. Lakini kijana haonekani mbaya, na kumkataa mtu kunaonekana ni ukosefu wa adabu. Anabonyeza kukubali, kisha anasahau.

Kijana hamwandikii neno. Hamwombi senti. Anachofanya ni kuifungua orodha ya marafiki wa mwalimu na kuwapelekea maombi mmoja mmoja. Kila mmoja wao sasa anaona kwamba huyu mgeni ni rafiki wa Mwalimu. Kumi wanakubali kwa sababu ya Mwalimu. Arobaini wanaofuata wanakubali kwa sababu ya wale kumi. Baada ya wiki tatu kijana ana marafiki wengi katika tarafa ile kuliko chifu. Hapo ndipo anapomwandikia mjane mmoja wa Ikutha, mwanachama wa chama kile, kumweleza kwamba kampuni ya barabara inatafuta mtu wa kuwapikia wafanyakazi, mshahara ni mzuri, ila kuna shilingi 3,500 za fomu na za kupimwa afya.

Mjane anazituma. Akiulizwa baadaye kwa nini alimwamini mtu asiyemjua, atajibu kwa unyofu kabisa: si ni mtu wa Mwalimu?

Tazama basi mahali penyewe palipo na dhambi. Mwalimu hakuibiwa hata senti moja, na pengine mpaka leo hajui kwamba jina lake lilitumika. Tumezoea kuonyana kwamba ukimkubali mgeni atakuja kukudhuru wewe. Mara nyingi hana haja na wewe. Anataka kivuli chako asimame ndani yake ili akaonekane na wengine. Yule aliyebonyeza kukubali ndiye aliyekuwa mwenyeji wa msafara, bila ya kujua kuwa kuna msafara, na bila ya kuulizwa.

Jambo hili lina nguvu zaidi katika miji midogo ya Kitui na Makueni kuliko Nairobi. Katika mji mkubwa mtu amezoea kutowajua majirani. Huko mashambani, ambako watu wanakutana sokoni, kanisani, kwenye foleni ya maji na matangani, jina la mtu mwema bado lina thamani ya fedha taslimu. Tapeli huiba pale penye kitu cha kuibwa, na kilichoko huko ni kuaminiana.

Walivyofanya wapokezi wa hadithi

Sisi Waislamu tuna elimu nzima iliyojengwa juu ya swali hili hili la nani kasema na nani anamjua. Maimamu waliokusanya hadithi za Mtume (S.A.W.) hawakutosheka na maneno kuwa mazuri. Walitaka isnadi, mnyororo wa watu, fulani kutoka kwa fulani, na kila pete ya mnyororo ilichunguzwa: alizaliwa wapi, aliishi na nani, alikuwa mkweli, alikuwa msahaulifu? Mtu asiyejulikana walimwita majhuli, na upokezi wake haukuwa hoja.

Na katika jambo hilo wana-hadithi walipambanua kitu ambacho kingewafaa sana watu wa Facebook. Wengi wao walisema kwamba ikiwa wapokezi wawili wanaoaminika wamesimulia kutoka kwa mtu, basi tunajua kwamba mtu huyo yuko. Si jina lililobuniwa. Lakini kuwa yuko hakumfanyi kuwa mwadilifu. Uadilifu wake unataka ushahidi mwingine, wa mtu anayezijua hali zake. Basi wale marafiki tisa mnaofahamiana nao, hata wangekuwa tisini, ushahidi wao ukifika mbali kabisa ni kwamba kuna mtu. Na kwenye mtandao hata hilo hawalithibitishi, kwa sababu hakuna hata mmoja kati yao aliyemwona; kila mmoja amemkubali akimtegemea mwenziwe.

Suratun Nur imetufundisha kuomba ruhusa na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba zisizo zetu. Na katika hadithi zilizo sahihi imo ya Jabir bin Abdillah, aliyekwenda kubisha mlango wa Mtume (S.A.W.) kwa shauri la deni la baba yake. Alipoulizwa ni nani, akajibu kwa kusema ni yeye, bila ya kutaja jina, na jibu hilo likachukiza. Jabir alikuwa sahaba, mtu wa nyumbani, na sauti yake ilikuwa ikijulikana. Sasa itakuwaje kwa anayebisha hodi kwa picha ya mtu mwingine?

Wingi wa hodi hizo hauna kifani. Facebook wenyewe walitangaza kwamba katika miezi 3 ya mwanzo ya mwaka 2019 waliziondoa akaunti za uwongo zipatazo bilioni 2.19. Hesabu ya watu ya mwaka huo huo ilikuta Kitui ina watu 1,136,187 na Makueni 987,653. Lau akaunti hizo zingegawiwa kwa watu wa kaunti mbili hizi, kila mtu, pamoja na mtoto mchanga aliye mgongoni mwa mamaye, angepewa zaidi ya elfu moja. Nyingi zilikamatwa zilipokuwa zikifunguliwa, lakini kampuni ilikiri kwamba asilimia 5 hivi ya akaunti zilizokuwa zikitumika kila mwezi zilikuwa za uwongo. Katika kila hodi ishirini, basi, moja haina mtu nyuma yake, au ina mtu asiyekuwa yule anayesema ni yeye.

Siri ndiyo kufuli

Namna za ulaghai ni nyingi na nyingine ni za kitoto. Kuna yule daktari wa Marekani au mwanajeshi aliyeko vitani ambaye, baada ya siku kumi za mapenzi, amekupelekea sanduku lenye dhahabu na simu, na sasa limezuiliwa uwanja wa ndege wa Nairobi mpaka ulipe ushuru. Mamlaka ya Mapato ya Kenya imewaonya watu mara kadhaa juu ya sanduku hilo. Halipo.

Kuna wale wanaojifanya gavana, mbunge au mfuko wa mikopo. Kuna wakala wa kazi za Uarabuni asiyekuwa na ofisi, naye huyu anawahusu sana dada zetu wa pwani na wa Ukambani pia, kwani kutoka pande zote mbili wasichana wanakwenda Saudia, Qatar na Oman kufanya kazi za nyumbani. Idara ya taifa ya ajira ina orodha ya mawakala waliosajiliwa. Asiyekuwamo humo hana haki ya kuchukua pasipoti ya mtu.

Iliyo mbaya zaidi ni ya kumvaa mtu unayemjua. Tapeli huichukua picha ya shangazi yako pamoja na jina lake, akafungua akaunti nyingine, akawapelekea maombi wale wale marafiki wa shangazi. Wewe unadhani kapoteza akaunti ya zamani, unakubali. Siku ya tatu shangazi yuko hospitali, simu yake imeharibika, anaomba shilingi 8,000 kwa nambari hii. Ukitaka kutuma, M-Pesa hukuonyesha jina la mwenye laini, na jina hilo silo la shangazi. Jibu analo: ni ya muuguzi. Watu wengi walikuwa na nafasi ya kuokoka mahali hapo hapo, jina la mtu mwingine limewatolea macho, wakaona haya kuuliza.

Neno hilo la haya nataka tulikalie kitako. Ukizitazama hila zote hizi utaona zinapenda kuingia kwa mlango ambao mwenye nyumba hataki ujulikane. Mwislamu aliyetuma shilingi 15,000 kwa mganga wa simuni ili mumewe aachane na mke wa pili, atakwenda kumwambia nani? Kwa mumewe haendi. Kwa imamu hawezi. Polisi wataandika, na mtaa mzima utasoma. Mwanamume wa makamo aliyejuana na msichana mtandaoni, wakapelekeana picha za utupu, kisha akaambiwa alipe la sivyo picha zitakwenda kwa mkewe na kwa wanawe, na majina yao yakatajwa mmoja mmoja kutoka katika orodha ya marafiki zake, naye atalipa, atalipa tena, na atanyamaza. Tapeli hahitaji mlinzi mlangoni. Aibu ya aliyeibiwa ndiyo mlinzi wake, tena halipwi.

Ndiyo maana naona tunakosea tunapomcheka aliyelaghaiwa. Katika baraza zetu habari za namna hii huwa ni kichekesho cha jioni nzima. Kila kicheko humfundisha mtu mwingine, aliyeketi pale pale na kikombe chake cha kahawa, kwamba yake asiiseme.

Aliyeko upande wa pili

Huwa twamfikiria tapeli kama mtu mmoja mjanja aliyekaa akicheka. Wako wa namna hiyo. Lakini tangu mwaka 2022, Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya ilipoanza kuwaonya vijana juu ya kazi za Thailand, tumejua kitu kingine. Vijana wa Kenya waliahidiwa kazi za kompyuta na za mauzo, wakapokelewa Bangkok, kisha wakavushwa mpaka kuingizwa Myanmar, pande za Myawaddy, katika majumba yenye kuta na walinzi wenye silaha. Pasipoti zilichukuliwa. Kazi waliyopewa ilikuwa ni kufungua akaunti za uwongo, kujifanya wanawake wazuri au matajiri, na kutafuta marafiki katika nchi za watu mpaka fedha zitoke. Asiyefikia hesabu ya siku alipigwa. Mwezi wa Februari 2025, wakati maelfu ya watu wa mataifa mbalimbali walipotolewa katika majumba hayo, Wakenya walikuwa miongoni mwao, wakangoja majuma mengi kurejeshwa nyumbani.

Nao wengi walinaswaje? Kwa tangazo la kazi lililokuja katika simu, kutoka kwa mtu aliyekuwa rafiki wa rafiki.

Kwa hiyo yawezekana kabisa kwamba ile picha ya msichana inayokusalimu usiku wa manane ina nyuma yake kijana mwenye mama yake Makueni, naye anaandika huku analia. Sisemi umwonee huruma kwa kumtumia fedha. Fedha zako zitamfikia bwana wake. Nasema tu kwamba biashara hii imekuwa kubwa kuliko ujanja wa mtu mmoja.

Na si fedha tu zinazopotea. Januari 2024 wanawake vijana waliuawa Nairobi katika vyumba vya kukodi vya siku mbili tatu, na habari zilizochapishwa zilieleza kwamba kujuana kwao na waliowaalika kulianzia mtandaoni. Tarehe 27 ya mwezi huo wanawake waliandamana Nairobi, Mombasa na miji mingine, wakipinga kuuawa. Palikuwa na watu waliojibu maandamano hayo kwa kuuliza wasichana walikwenda kufanya nini huko. Aliyeuawa hakujiua. Mwenye kuulizwa ni yule aliyekuja na jina lisilo lake.

Sheria, na mambo ya mkononi

Sheria ipo. Ile ya makosa ya kompyuta na mtandao ya mwaka 2018, katika kifungu cha 29, inamwadhibu anayetumia utambulisho wa mtu mwingine kwa hila: faini isiyozidi shilingi 200,000 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Mwenye kusambaza picha za siri za mtu naye ana kifungu chake, cha 37, faini hiyo hiyo au miaka 2. Mimi kwa upande wangu naiona adhabu si nzito ukiilinganisha na anayoyafanya tapeli kwa mwaka, lakini uzito wake haujapimwa vizuri bado, kwa sababu kesi huanza na mshitaki, na mshitaki kanyamaza kwa aibu tuliyoieleza.

Asiyetaka kwenda kituoni kwa miguu anaweza kuwapigia wapelelezi wa DCI kwa nambari isiyolipiwa 0800 722 203. Aliyetumiwa ujumbe wa utapeli aupeleke kwa Safaricom, nambari 333. Na aliyetuma fedha pasipo, aupeleke ujumbe wa M-Pesa upesi kwa 456, kabla hazijatolewa. Anayekupigia akisema ni Safaricom, na simu haikutoka 0722 000 000, huyo si wao. Aliyetishiwa kwa picha asilipe hata mara ya kwanza, na asiufute ujumbe, kwani huo ndio ushahidi.

Katika Facebook yenyewe kuna jambo moja ambalo wengi hawalifanyi nalo ni rahisi: kuificha orodha ya marafiki isionekane na kila mtu. Ndani ya mipangilio ya ukurasa pana mahali pa kuchagua nani aione. Ukiifunga, yule anayevaa sura yako hajui aende kwa nani, na yule kijana wa kofia ya uhandisi akishakubaliwa hana pa kuanzia. Wazee wetu hawakuwa wakibandika majina ya wadeni wao na jamaa zao mlangoni.

Kisha urudi nyuma, uipitie orodha hiyo mwenyewe, jioni moja, kwa utulivu. Kila jina usilolijua, mwulize yule mnayefahamiana naye: huyu ulimjulia wapi? Mara nyingi utajibiwa kwamba alimkubali kwa sababu aliona umemkubali wewe.

Na ndugu akiandika kuomba fedha, mpigie kwa nambari yake ya zamani, usikie sauti. Ingawa sauti nayo siku hizi haitoshi, maana kompyuta zimejifunza kuiga sauti ya mtu kwa kusikia maneno yake machache tu. Mwulize basi kitu ambacho hakikuandikwa popote. Mimi na jamaa zangu tumekubaliana swali letu: ni maalim gani aliyetuchapa siku tuliyotoroka chuoni kwenda kuogelea, na alitumia fimbo ya mti gani. Hakuna mganga wa simuni ajuaye jibu lake, na sisi sote mgongo bado unakumbuka.